Mgeni Amepewa Jembe, Mbona Awekewa Mpaka?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakutuachia neno juu ya mgeni ambaye, akishapewa jembe, analima kumshinda mwenyeji wake. Hilo ndilo jambo linalowatatiza wakuu wa mieleka ya sumo huko Japani kwa zaidi ya miaka hamsini sasa, yaani tangu Julai 1972, pale Takamiyama, mzaliwa wa Hawaii, alipotwaa ubingwa katika mji wa Nagoya na kuwa mgeni wa kwanza kufanya hivyo.

Wapo miongoni mwetu wanaodhani kwamba sumo ni wanene wawili kusukumana tu. Sivyo. Ulingo ni duara la udongo lenye upana wa meta 4.55. Anayegusa chini kwa kiungo chochote kisichokuwa nyayo zake, au anayetolewa nje ya duara, ameshindwa, na mara nyingi yote hayo huisha katika muda wa kupepesa jicho. Mashindano makuu ni sita kwa mwaka, kila moja la siku 15. Wanamieleka huishi pamoja katika kambi, chini ya mkuu ambaye ni kama baba yao. Wadogo hupika, hufagia na kuwahudumia wakubwa, wala hawapati mshahara. Wanaolipwa mshahara ni 70 tu wa madaraja mawili ya juu. Kileleni kabisa yupo yokozuna, bingwa mkuu, ambaye hateremshwi cheo kamwe: nguvu zikimwishia hutazamiwa ajiuzulu mwenyewe.

Kambi hizo ni zaidi ya 40, na kwa kanuni iliyowekwa mwaka 2002, kila kambi yaruhusiwa kuwa na mgeni mmoja tu. Kanuni hiyo, hata kama mtu haipendi, yaeleweka. Lakini mwaka 2010 ilikazwa zaidi: tangu hapo kinachohesabiwa si uraia bali mahali mtu alipozaliwa. Maana yake ni kwamba mtu aweza kuukana uraia wa kwao, akaapa kuwa Mjapani, akalipa kodi na kulea watoto wake huko, na bado akahesabiwa kuwa mgeni wa kambi yake mpaka siku atakapokatwa shungi lake la kustaafu. Hapa ndipo mimi ninapotofautiana na wapenzi wengi wa mchezo huu.

Tazama habari ya Kyokutenho. Alizaliwa Mongolia, akawa raia wa Japani mwaka 2005, na Mei 2012 akatwaa ubingwa akiwa na umri wa miaka 37. Huyo ni Mjapani kwa sheria zote za nchi. Hata hivyo, magazeti na mashabiki waliendelea kuhesabu miaka ya ukame, wakisema kwamba tangu Tochiazuma mwaka 2006 hapajatokea bingwa mzaliwa wa Japani. Hesabu hiyo ilikoma Januari 2016, aliposhinda Kotoshogiku. Neno hilo “mzaliwa” lilitiwa makusudi, ili Kyokutenho asivunje hesabu.

Kisha mtazame Hakuho, ambaye ndiye kiini cha mjadala wote. Alifika Japani mwaka 2000, kijana wa miaka 15 mwenye uzito wa kilo 62, na ilikaribia arudishwe kwao Mongolia kwa sababu hapakuwa na kambi iliyomtaka. Alipostaafu mwaka 2021 alikuwa na ubingwa mara 45, na ushindi 1,187, hesabu ambazo hazijafikiwa na mtu mwingine. Walipata kupewa heshima ya kuwa wazee wa chama kwa majina yao wenyewe mabingwa kama Taiho, Kitanoumi na Takanohana. Hakuho hakuipata, ijapokuwa aliuchukua uraia mwaka 2019.

Wakosoaji wake watasema kwamba alikosa staha. Ni kweli, alipiga kwa kigasha na makofi ya uso kwa namna isiyompendeza mtu wa cheo chake, na Novemba 2017 aliwaongoza watazamaji kushangilia ilhali chama kilikuwa katika aibu kubwa. Mimi pia sikupendezwa. Yafaa lakini tuulize kama mizani inayotumika ni moja. Mwaka 2007 kijana wa miaka 17 alikufa baada ya kupigwa katika kambi yake; mkuu wa kambi, Mjapani, akafukuzwa na baadaye akafungwa gerezani, lakini kambi yenyewe ilipewa mkuu mwingine na ikaendelea. Mwaka 2024 mwanamieleka wa kambi ya Hakuho aligunduliwa kuwa akiwapiga wadogo zake. Hapakufa mtu, hata hivyo kambi ilifungwa na vijana wakahamishiwa kwingine. Juni 2025 Hakuho akakiacha chama. Sisemi kwamba hakustahili adhabu, kwani anayeshindwa kuwalinda wadogo apaswa kujibu. Nasema kwamba adhabu mbili hizo hazilingani.

Wale wanaotetea mpaka huo wana hoja, nami sitaifumbia macho. Sumo imefungamana na ibada za dini ya Shinto. Ile chumvi inayorushwa ni ya kutakasa ulingo. Wanahofu kwamba mlango ukiachwa wazi, kambi zitajazwa vijana waliokwisha komaa kwa mieleka ya Mongolia, na mtoto wa kijijini kule Japani atakata tamaa kabla ya kujaribu. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini wanamieleka, ambao mwaka 1994 walikuwa zaidi ya 900, miaka ya karibuni wamepungua hata kufika mnamo 600, na hao waliopotea hawakuondolewa na wageni: ni vijana wa Kijapani wenyewe wasiotaka tena maisha ya kambi.

Sisi wa bara hili tunayo sababu ya kulifuatilia jambo hili. Mwaka 2012 aliingia Abdelrahman Shaalan wa Misri, akaitwa Osunaarashi, mwanamieleka wa kwanza wa kulipwa kutoka Afrika, na Mwislamu. Alipata kambi kwa sababu kambi hiyo nafasi yake ilikuwa wazi. Julai 2014, ikiwa ni mwezi wa Ramadhani, aliwaangusha mabingwa wakuu wawili kwa siku mbili mfululizo, Kakuryu kisha Harumafuji. Mwaka 2018 alitakiwa aondoke kwa kosa la kuendesha gari kinyume cha kanuni za chama. Katika hilo simtetei. Nawaza tu juu ya kijana mwingine mwenye nguvu kama zake ambaye atabisha hodi na kuambiwa kwamba nafasi ya mgeni imekwisha chukuliwa.

Na mwenyeji je, amedidimia? Mwaka 2025 ulianza kwa Hoshoryu wa Mongolia kupandishwa kuwa yokozuna, na kabla Mei haijaisha alifuatwa na Onosato, mzaliwa wa Ishikawa, ambaye alipanda upesi kuliko wote waliomtangulia. Huyo hakulelewa nyuma ya ukuta. Alipanda kwa kupambana na wageni hao hao. Novemba ya mwaka huo ubingwa ulikwenda kwa Aonishiki wa Ukraini, aliyeikimbia vita ya kwao. Wengi walistaajabu, wakisahau kwamba Taiho, ambaye Wajapani humtukuza kuliko karibu wote, baba yake alikuwa mtu wa Ukraini.

Kwa maoni yangu, kipimo kirudishwe kwenye uraia. Aliyekubaliwa na serikali ya Japani kuwa Mjapani asihesabiwe mgeni na chama cha mieleka, na nafasi yake apewe mwingine. Kama chama chahofia kambi zitakazochukua uraia kwa hila, basi na kiweke muda wa miaka kadhaa ya kukaa nchini, jambo ambalo si gumu kulipima.

Kyokutenho mwenyewe, tangu mwaka 2017, ni mkuu wa kambi. Anawafundisha vijana, anawalisha na kuwaadhibu kama baba yeyote wa sumo. Lakini wakija kwake vijana wawili kutoka Mongolia alikozaliwa, hana budi kumrudisha mmoja.