Umoja wa Kutiwa Muhuri



Wako wanaowafundisha watoto wetu ya kwamba Mreno aliletwa pwani hii na tamaa ya dhahabu na viungo tu. La, hasha! Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili iliandikwa Roma kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa mwaka 1498.

Mwaka 1439, katika mji wa Florence, Papa Eugenius wa Nne alitangaza kuwa Kanisa la Roma na la Kigiriki yamekuwa kitu kimoja. Mfalme wa Kustantiniya alikuwa amebanwa na Waturuki, akataka askari. Papa naye akataka utiifu. Marko, askofu wa Efeso, alikataa kutia mkono wake. Wenziwe waliotia saini waliporudi kwao, raia na watawa wakaukataa umoja huo. Mwaka 1453 Sultan Muhammad wa Pili akaufungua mji, na umoja wenyewe ukazikwa hapo.

Wahabeshi nao walitafutwa. Watawa wao wa Baitul Maqdis walipeleka wajumbe Florence mwaka 1441, lakini kanisa lao likabaki kuifuata Iskandaria. Miaka mia baadaye, 1541, Wareno wakaenda na bunduki kumsaidia mfalme wa Habasha juu ya Imamu Ahmad bin Ibrahim. Nyuma ya bunduki wakaja mapadri kudai malipo, na malipo yenyewe ni kuitii Roma! Mfalme Susenyos akakubali mwaka 1622. Wahabeshi wakauana wao kwa wao, hata mwaka 1632 akairudisha dini ya wazee wake na kumwachia mwanawe kiti.

Amri hizo za umoja zilishindwa kwa sababu zilihitaji ridhaa ya nyoyo. Zilizotuhusu sisi hazikuhitaji ridhaa ya mtu. Kwa waraka wa mwaka 1452 na mwengine wa 1455, Papa Nicholas wa Tano alimruhusu mfalme wa Ureno kuwapiga Waislamu na wapagani, kutwaa nchi na mali zao, na kuwatia katika utumwa wa daima. Nani aliulizwa Kilwa? Almeida alipoiteka mwaka 1505, mapadri walishuka na misalaba miwili wakiimba; kisha mji ukaporwa. Mwezi uliofuata ikachomwa Mombasa. (Na Malindi, kwa uadui wake na Mombasa, ilikuwa imekwisha kumkaribisha Mreno. Hilo pia wafundishwe.)

Sisemi haya ili umchukie jirani yako Mkristo hapa Chanika. Yeye hakuandika waraka ule, na babu zake, kwa kuitwa wapagani, wangalitiwa minyororo kwa waraka huo huo. Mwezi wa Machi 2023 Vatikani yenyewe ilisema kuwa nyaraka hizo hazikuonyesha ipasavyo heshima na haki sawa za wenyeji wa nchi. Ikiwa wenyewe wamezitaja hadharani, mwalimu wa mwanao anachelea nini kuzitaja darasani? Nenda kamwulize.