Mulongwe Ulindwe Kuanzia Mlimani

Bomba likikauka Uvira, wa kwanza kulaumiwa ni shirika la maji, REGIDESO. Lawama nyingine ipande mlimani. Maji ya bomba yanatekwa katika mto Mulongwe, unaoteremka kwa kasi kutoka milima ya Mitumba, ukapita katikati ya mji na kuingia ziwa Tanganyika. Mteremko ukishakatwa miti, mvua kubwa inashusha udongo na mawe, na maji yaliyojaa tope ni taabu kuyasafisha. Umeme nao ukikatika, mji mzima unabeba bidoni kwenda ziwani au mtoni, kulekule watu wanakooga na kufulia.

Watu wanakufa kwa jambo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofuatilia Uvira kuanzia 2009, ulikadiria kwamba karibu robo ya wagonjwa walioshukiwa kuwa na kipindupindu waliugua kwa sababu ya bomba kukatika.

Aprili 2020 tuliona upande wa pili. Mito ya Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira ilifurika, watu zaidi ya 40 wakafa, maelfu wakabaki bila nyumba. Mitambo ya maji nayo iliharibika, na mji uliojaa maji ukakosa ya kunywa.

Tusiwatupie mzigo wote wanaolima huko juu. Makala tunayopikia mjini ni miti ya milima hiyohiyo, na wengi wa wakulima hao wamekimbizwa na vita mara kadhaa; mtu asiyejua kama atavuna hapandi mti wa miaka kumi. Wala tusimtukane aliyejenga ukingoni kwa kukosa pengine. Wa kuulizwa ni anayegawa viwanja ndani ya njia ya mto.

Wafadhili wameleta mabomba mapya, na tunawashukuru. Sasa sehemu ya fedha za maji, hata ikiwa ndogo, irudi mlimani kila mwaka: ilipe vijiji vya huko kupanda miti na kuitunza, kuchimba makingamaji mashambani, kulinda kingo. Mjini, ugawaji wa viwanja kando ya mito mitatu usimamishwe, na familia zilizo hatarini zionyeshwe mahali pa kuhamia kabla ya kubomolewa. Mashimo ya miche yachimbwe kiangazi hiki, kabla mvua za Oktoba hazijaanza.