Tuwazomee Tembo Warriors pia

Soka ya watu waliokatwa viungo huchezwa na watu saba kila upande. Wachezaji sita wa ndani hutegemea mguu mmoja na magongo mawili. Kipa ana miguu yake yote ila hudakia kwa mkono mmoja, na haruhusiwi kutoka ndani ya boksi lake. Uwanja ni mita 60 kwa 40, kila kipindi dakika 25. Hakuna kuotea. Gongo likigusa mpira kwa makusudi, hesabu yake ni sawa na kuunawa.

Kanuni hizi si siri, lakini jaribu kuziulizia kwenye kijiwe chochote cha kahawa Dar es Salaam. Utawakuta watu wanaomjua hadi kipa wa tatu wa Simba na wa Yanga, na hao hao hawajui kama Tembo Warriors, timu yetu ya taifa ya soka hiyo, wanacheza saba au kumi na mmoja. Halafu ndio tunaosema tunajivunia timu hiyo. Mwishoni mwa 2021 Dar es Salaam iliandaa michuano yao ya Afrika, vijana wakakata tiketi ya Kombe la Dunia, na Oktoba 2022 wakafika robo fainali nchini Uturuki. Mwezi huo huo Serengeti Girls nao walifika robo fainali ya dunia ya wasichana chini ya miaka 17 kule India. Taifa Stars, inayokula muda wetu wote, haijawahi hata kufuzu Kombe la Dunia.

Pongezi zilitoka, tena nyingi, ila nyingi zilikuwa na harufu ya rambirambi: maskini vijana wetu, pamoja na hali zao, wamejitahidi. Shabiki haongei hivyo. Shabiki anauliza kwa nini kocha kamtoa winga, anamlaani refa, na mshambuliaji akipaisha mpira lango likiwa tupu anamzomea. Mchezaji asiyezomewa bado hajahesabiwa kuwa mchezaji, na hapo ndipo ninapoona kasoro yetu ilipo. Tunawatazama kama funzo la uvumilivu kwa sisi wazima, wakati wao wamekuja kutafuta ushindi.

Sikatai kwamba hamasa ina kazi yake. Mzazi aliyemficha mwanawe chumba cha uani anaweza kumtoa nje baada ya kuona mechi moja kwenye televisheni. Lakini hamasa ni rahisi mno kuitoa, haimgharimu mtu kitu, na hutusahaulisha kutazama medali zenyewe zinapatikana wapi.

Henry Wanyoike wa Kenya alipoteza uwezo wa kuona mwaka 1995. Miaka mitano baadaye, kwenye Paralimpiki ya Sydney, alikimbia mita 5,000 akiwa ameshikana kamba na mwongozaji wake. Kanuni inakataza mwongozaji kumvuta mkimbiaji au kumtangulia kwenye mstari. Siku ile mambo yaligeuka: mwongozaji ndiye aliyeishiwa nguvu, ikawa asiyeona anamhimiza na kumkokota anayeona mpaka mwisho. Wakapata dhahabu. Athens 2004 Wanyoike akachukua nyingine mbili, akiwa na mwongozaji mwingine. Huko huko Jean de Dieu Nkundabera akaipa Rwanda shaba ya mita 800. Samwel Mushai Kimani akashinda mita 1,500 London 2012, akarudia Rio 2016. Rio hiyo hiyo David Emong wa Uganda alipata fedha, na Paris 2024 Mkenya Samson Ojuka akapata fedha ya kuruka umbali.

Medali hizo zote zimetafutwa kwa miguu, kwa viatu na pengine kipande cha kamba. Kiti cha mashindano cha magurudumu matatu hupimwa kwa mwili wa mchezaji mmoja na bei yake ni maelfu ya dola. Kijana wa Mbeya au Kisumu aliyepooza miguu anaweza kuwa na mabega ya bingwa wa dunia, na asijue maisha yake yote. Kipaji chake kimekosa chombo, na hilo hatulioni kwa kuwa macho yetu yako kwa wachache waliopenya.

Vijana wenye ulemavu wanazidi kuongezeka. Wodi zetu za mifupa zinapokea majeruhi wa bodaboda kila wiki, na mara nyingi anayekatwa mguu huruhusiwa na magongo yake, akaenda kukaa barazani. Ludwig Guttmann, daktari wa Stoke Mandeville kule Uingereza, aliuona upande huu mapema. Mwaka 1948 aliwashindanisha wagonjwa 16 kwa upinde na mishale, siku ile ile Olimpiki ya London ilipofunguliwa. Kwake michezo ilikuwa sehemu ya tiba. Rwanda walikwenda mbali zaidi: Dominique Bizimana na Jean Rukundo, waliopigana vita pande mbili zinazohasimiana na kila mmoja akapoteza mguu, walikuja kucheza voliboli ya kukaa wakiwa timu moja.

Tusidhani lakini kwamba shangwe hubadili sera. London 2012 iliuza tiketi milioni 2.7 za Paralimpiki, na siku hizo hizo watu wenye ulemavu waliandamana dhidi ya Atos, mdhamini wa michezo hiyo, kwa kuwa kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kupima nani anastahili posho ya serikali. Umma ulishangilia, na vipimo vile viliendelea.

Shabiki wa kweli angalau ana sababu ya kubana watu maswali, maana ana timu yake. Basi tumtengeneze. Kabla ya dabi ya Kariakoo, Uwanja wa Mkapa hujaa saa kadhaa kabla ya filimbi ya kwanza. Watu wamekaa wanakula karanga na kubishana. Kamera ziko tayari, watangazaji wako tayari. Mechi ya Tembo Warriors ni dakika 50 na mapumziko kidogo. Kinachohitajika ni shirikisho la soka, TFF, na bodi ya ligi kuiweka kwenye ratiba, na mtangazaji mmoja aliyejisumbua kusoma kanuni.