MKULIMA NA KAZI YAKE: Masuke Yanayobaki Shambani

Ndugu mkulima, mazao hayaibwi na ndege na wezi peke yao. Ngano uliyoipanda na kuitunza kwa miezi mingi yaweza kupotea siku ile ile ya mavuno, mbele ya macho yako, kwa kuwa kichwa cha kombaini kimewekwa vibaya.

Katika Narok, Uasin Gishu na Nakuru, wakulima wengi wadogo hawana kombaini zao wenyewe; hukodi na kulipa kwa eka. Dereva ana mashamba mengine yanayomngoja, na mawingu yanakusanyika. Eka aliyoivuna vizuri na eka aliyoivuna vibaya, malipo yake ni yale yale. Hasara ni ya mwenye shamba. Basi yampasa ajue mambo mawili: kimo cha kichwa na uzito wake juu ya ardhi.

Kwanza, kimo. Ngano ikiwa imesimama, kichwa hakina haja ya kugusa ardhi. Kisu na kipite chini kidogo ya masuke yaliyo mafupi kuliko yote. Kikipanda zaidi, masuke hayo huachwa. Kikishuka zaidi, mashine hula mabua mengi bure, mafuta huisha upesi, na punje hutupwa nyuma pamoja na makapi. Tena mabua yaliyobaki yamesimama huzuia udongo usichukuliwe na mvua na upepo.

Pili, uzito. Ngano iliyolazwa na mvua hutaka kichwa kishuke mpaka chini. Hapo springi au haidroliki hazina budi kubeba sehemu kubwa ya uzito wake, ili viatu vilivyo chini yake viteleze tu. Uzito ukizidi, mashine hulima badala ya kuvuna. Hukusanya udongo na mawe, na jiwe moja laweza kuvunja meno ya kisu na kusimamisha kazi. Uzito ukipungua mno, kichwa hurukaruka, na kila kirukapo masuke hubaki. Tazama alama za viatu. Zikiwa kama mfereji, kichwa ni kizito mno. Zikionekana hapa na kutoweka pale, ni chepesi mno. Ukiona mkwaruzo mwepesi usiokatika, ni vema. Ardhi ikibadilika, kutoka penye unyevu hadi pakavu, pima tena.

Basi dereva akiisha kwenda hatua 50 hivi, mwombe kwa adabu asimame na kurudi nyuma kidogo. Mahali palipokatwa ambapo makapi hayajaanguka, pima futi moja ya mraba, uhesabu punje na masuke yaliyo chini. Fanya hivyo mahali kadha wa kadha, kisha uondoe hesabu ya zile zilizokwisha kuanguka kabla ya mashine kufika. Utazijua kwa kuhesabu vivyo hivyo katika ngano isiyokatwa. Punje 20 kwa futi ya mraba ni karibu kilo 27 kwa eka. Suke jema laweza kuwa na punje 30; kwa hiyo masuke mawili tu katika kila futi ni kama kilo 80 kwa eka, yaani karibu gunia zima la kilo 90.

Neno moja la hatari. Mtu yeyote asiingie chini ya kichwa kilichoinuliwa kabla injini haijazimwa, ufunguo haujatolewa, na kizuizi cha chuma hakijawekwa. Haidroliki ikikatika, kichwa huanguka ghafula, wala hakimchagui mtu.

Usione haya kumsimamisha dereva. Dakika chache za kupima si uchoyo wala si dharau kwa fundi. Dereva mwema hufurahi kuona mwenye shamba anaijua kazi. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mavuno limo shambani, nyuma ya kombaini. Liinamie ulisome kabla eka ya pili haijakatwa.