Majeruhi Wanaoitwa Wahuni



Katika mitaa ya Mathare, Korogocho na Kibera, wengi wana neno moja kwa kila kijana asiyesoma wala kuajiriwa: mhuni. Neno hilo huwapunguzia mzigo walitamkao, kwa kuwa mhuni hatibiwi, hupigwa rungu. Sisi twalikataa.

Na tukumbuke vijana hawa wameona nini. Machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yaliua watu zaidi ya 1,100 na kuwafukuza makwao zaidi ya 600,000. Mtoto aliyekuwa na miaka 7 nyumba za jirani zilipoteketea, leo amepita miaka 20. Wengine wameshuhudia wenzao wakipigwa risasi na polisi vichochoroni, na tena katika maandamano ya Juni 2024. Jeraha la namna hii halitoki damu. Hujionyesha kwa kukosa usingizi, kushtuka ovyo, hasira za ghafla, ulevi na ukimya. Jirani huuona ulevi, asiulize ulitoka wapi.

Aliye shuleni ana mwalimu awezaye kugundua kwamba amebadilika. Mwenye ajira hukatwa bima katika mshahara. Aliye nje ya yote mawili, asipofadhiliwa, hudaiwa bima ya afya isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, hali hana hata kibarua cha kesho. Mtumishi wa serikali amfikiaye bila kuitwa ni askari. Dhuluma yenyewe ndiyo hii: aliyejeruhiwa zaidi ndiye asiye na mlango wa kubisha.

Serikali haiwezi kudai haikujua. Mwaka 2020 jopo lake lenyewe lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa; mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Hata hivyo, aliyejaribu kujiua aliendelea kuhesabiwa mhalifu hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kinapingana na Katiba. Twadai wahudumu wa afya ya akili katika zahanati za mitaani, pamoja na dawa, bila malipo kwa wasio na kipato.

Wala Kanisa lisijitoe lawamani. Yako maparokia ambamo kijana aliyeelemewa huambiwa ana pepo, au imani yake ni haba. Nabii Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamrudia.

Basi kila Jumuiya na iwajue kwa majina vijana wake wasio na shule wala kazi, iwatembelee, iwasikilize kabla ya kuwahubiria, na imsindikize mgonjwa hadi hospitalini. Na polisi wakimuua mmoja wao, swali letu la kwanza lisiwe kama alikuwa mwizi. Tuulize ni nani aliyefyatua risasi, na kwa amri ya nani.