Miti bilioni 15 sawa, lakini ni miti gani?

Hii hesabu umeiskia mara ngapi? Miti bilioni 15 kufikia 2032, ndio miti ifunike asilimia 30 ya Kenya. Mpango ulizinduliwa Desemba 2022, na Novemba 13, 2023 tukapewa hadi likizo ya kupanda. Poa. Ila idadi haijibu swali moja: ni miti gani?

Simama pale miche inapouzwa kando ya barabara, iwe Kitale au Bungoma. Mkaratusi na grevilia asili yake Australia. Saiprasi ni ya Mexico. Jakaranda na ile duranta ya fensi zilitoka Amerika. Sasa ulizia mwiri au murembe uone kama utapata haraka hivyo.

Muuzaji hana ubaya. Anauza kinachonunuliwa, na mkaratusi unakua chapchap, unakupa nguzo na kuni. Shida ni mahali unapopandwa. Mwaka 2009, waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kando ya mito kwa sababu inafyonza maji sana. Mto Nzoia unapita Trans Nzoia na Bungoma. Tukihesabu miche bila kuuliza jina, tutarudi palepale.

Mwiri nao una kisa chake. Gome lake linatafutwa ng'ambo kutengeneza dawa ya tezi dume, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa. Lakini mbegu yake haikai. Inafaa ipandwe ikiwa mbichi. Mwenye kitalu hawezi kuhangaika hivyo kama hakuna anayeulizia.

Hapo ndipo wewe unaingia, hata kama una kiploti cha hamsini kwa mia. Murembe, mti wa viapo kwa Waluhya, hutoa maua mekundu, na tawi lake ukilichomeka ardhini linachipua. Hiyo ni fensi ya bure. Siala, au lusiola, ina maua ya manjano na mbao ambazo mchwa hawazipendi. Na zile nyasi tunaita kikuyu grass? Ni za nyanda zetu za juu, ila zimepandwa hadi California.

Usidhani wa kienyeji unafaa kila mahali. Nandi flame yetu ilipelekwa Hawaii kama pambo, sasa huko ni kero. Kila mti na kwao.

Kwa hivyo mvua ya masika ikikaribia, muulize muuzaji mambo mawili: huu unaitwaje, na kwao ni wapi? Agiza mapema, akutafutie mbegu. Na kaunti zikitoa tenda za kupamba miji, tudai ziandike majina ya miti, sio idadi pekee. Kama hujui uanzie wapi, nenda Makumbusho ya Kitale. Nyuma ya majengo kuna msitu wa asili na njia ya kutembea. Kaangalie kilichokuwa hapa kabla ya duranta.