Aliyeonewa Naye Huonea

Kuna wazo moja lipendwalo sana katika mataifa yaliyopata kutawaliwa na wageni. Wazo lenyewe ni kwamba watu walioonewa hawawezi kuonea. Tunalisikia majukwaani siku za sikukuu za taifa, nasi twalipigia makofi. Tunalikuta vitabuni limejificha nyuma ya maneno mengine: uovu ulikuja kwa merikebu na wageni, na wageni walipoondoka, uovu nao ulipakiwa shehena ukaenda zake. Wazo hili ni tamu masikioni. Hata hivyo mimi nasema kuwa ni la uongo, tena ni la hatari, na ushahidi wangu wa kwanza nautoa mbali, katika nyumba ndogo ya makumbusho ya Wayahudi iliyo mjini Dublin, nchini Ayalandi.

Msomaji kijana ataniuliza, Ayalandi yatuhusu nini? Yatuhusu kwa sababu Waayalandi ni wenzetu katika mateso. Uingereza iliwatawala kwa karne nyingi. Ardhi yao nzuri ilikuwa mikononi mwa makabaila, na mwenye kuilima alikuwa mpangaji asiyekuwa na hakika ya kesho yake. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliua watu wapatao milioni 1, na wengine zaidi ya milioni 1 wakaihama nchi. Uhuru wa sehemu kubwa ya kisiwa chao ulipatikana mwaka 1922, baada ya damu kumwagika. Mkenya asomapo habari hizi huona mambo anayoyajua.

Sasa tuingie katika nyumba yenyewe. Katika mtaa wa Portobello walikaa Wayahudi waliotoka katika dola ya Urusi, hasa upande wa Lithuania, kuanzia miaka ya 1880. Walikuwa wengi mtaani hata watu wa mji wakapaita mahali pale Yerusalemu Ndogo. Makumbusho haya yalifanywa katika nyumba mbili za kawaida zilizoshikana ukuta kwa ukuta, ambazo ghorofani mwake mlikuwa na sinagogi. Waumini walipohamia vitongoji vingine, sala zilikoma. Mwaka 1985 nyumba ikafunguliwa kuwa makumbusho na Chaim Herzog, aliyekuwa rais wa Israeli wakati ule. Herzog alizaliwa Belfast, akakulia Dublin, ambako baba yake alikuwa Rabi Mkuu.

Mtu aliyezoea majumba makubwa aingiapo humo aweza kudhani amepotea njia. Nilipoizuru sikuona mataji, wala mizinga, wala sanamu za majemadari. Niliona jiko lililoandaliwa kama majiko ya Wayahudi wa zama zile, na meza iliyotandikwa kwa chakula cha Sabato. Niliona picha za harusi na za watoto, na karatasi za watu wasiojulikana. Ghorofani nilikuta sinagogi limehifadhiwa na vyombo vyake vya ibada. Hiyo ndiyo nguvu ya makumbusho madogo. Sanamu ya jemadari humfanya mtazamaji ainue uso na kustaajabu. Meza ya jirani humfanya ajiulize jirani yule alikwenda wapi.

Swali hilo halina jibu moja. Wengi walihama kwa hiari, wakaenda Uingereza, Marekani na Israeli kutafuta maisha. Baadhi wana hadithi nyingine. Ester Steinberg alikulia Dublin, akaolewa huko mwaka 1937 na kijana wa Ubelgiji, akahamia bara na mumewe. Mwaka 1942 alikamatwa nchini Ufaransa pamoja na mumewe na mtoto wao mdogo, nao wakapelekwa Auschwitz, wasirudi. Kifo chao kilikuwa kazi ya serikali ya Hitler, na hakuna atakayewatwika Waayalandi dhambi hiyo. Lakini kuna hadithi nyingine ambayo Waayalandi hawawezi kumtwika mtu mwingine yeyote, nayo ni ya mji wa Limerick.

Mjini Limerick, mwanzoni mwa karne ya 20, Wayahudi wote hawakufika 200. Wengi wao walikuwa wachuuzi, wakipita mlango kwa mlango na kuuza nguo na vitu vya nyumbani kwa mkopo wa kulipwa kidogo kidogo kila juma. Mwezi wa Januari 1904 padre mmoja, John Creagh, alipanda mimbarini akawashutumu kwa maneno makali, akawataka watu wasifanye biashara nao. Watu wakamsikiliza. Wateja waliwafungia milango, wenye madeni wakakataa kuyalipa, na baadhi ya Wayahudi wakatukanwa na kupigwa mawe njiani. Ususiaji huo ulidumu kwa muda wa miaka miwili hivi. Familia kadhaa zilifilisika, zikauhama mji.

Hapa nakuomba, msomaji, ushike neno moja: kususia. Silaha hiyo Waayalandi waliinoa wenyewe. Mwaka 1880, katika wilaya ya Mayo, wapangaji walikataa kumtumikia Kapteni Charles Boycott, wakala wa kabaila. Wenyeji walikataa kumvunia mazao, na wenye maduka hawakumuuzia kitu. Jina lake likaingia katika lugha ya Kiingereza kuwa neno lenye maana ya kususia, nalo latumika duniani kote hata leo. Ilikuwa silaha ya haki, silaha ya mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Miaka 24 baadaye, watu wale wale waliichukua silaha ile ile, wakamwelekezea mchuuzi mwenye mzigo mgongoni. Mkuki kwa nguruwe, kwa mwanadamu mchungu.

Basi liko wapi lile wazo tamu? Watu wa Limerick walikuwa wameonewa kweli. Babu zao walikufa njaa kweli. Mateso hayo hayakuwazuia kumtesa mgeni aliyekaa kati yao. Bali yaliwapa udhuru, kwa kuwa mtu aliyekwisha kujihesabu kuwa mwenye kudhulumiwa haoni kuwa mkono wake mwenyewe nao waweza kudhulumu.

Wala msidhani kwamba mashujaa wa taifa walikuwa na neno moja katika jambo hili. Arthur Griffith, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa taifa huru, aliuunga mkono ususiaji huo katika gazeti lake. Michael Davitt aliupinga hadharani. Naye Davitt alikuwa nani? Ni yule aliyeasisi Chama cha Ardhi mwaka 1879, chama kilichowafundisha wapangaji kuungana dhidi ya makabaila. Mwaka 1903 alisafiri mpaka Kishinev, katika dola ya Urusi, ambako Wayahudi wapatao 49 walikuwa wameuawa na makundi ya watu, akaandika kitabu juu ya aliyoyaona. Davitt hakuulizwa na mtu yeyote kwa nini Myahudi wa Kishinev amhusu. Aliona dhuluma ile ile aliyoijua tangu utoto wake, ila imevaa nguo nyingine. Huyu ndiye mzalendo nimpendaye: apendaye nchi yake kiasi cha kuiambia kuwa imekosa.

Sasa turudi nyumbani, maana nisipofika nyumbani nitakuwa nimepiga porojo tu. Mwaka ule ule wa 1903, habari za Kishinev zilipoenea, Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alitoa shauri kwamba Wayahudi wapewe makao Afrika Mashariki. Sehemu iliyotajwa ni uwanda wa Uasin Gishu. Mkutano wa Wazayuni uliokutana Basel ulikubali kutuma tume kuikagua nchi. Tume ikaja, ikarudi, na mkutano wa mwaka 1905 ukalikataa shauri. Wayahudi walikuwa na haki ya kutafuta kimbilio. Wenyeji wa uwanda ule nao walikuwa na haki ya kuulizwa, na hawakuulizwa. Habari hii twaifundisha kwa uchungu, na ni vema, kwa kuwa humo sisi ndio tuliodharauliwa.

Lakini uwanda ule ule una habari nyingine. Tarehe 1 Januari 2008, baada ya uchaguzi uliozusha ugomvi, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret lilitiwa moto hali wanawake na watoto wamekimbilia humo. Mwisho wa mwezi huo, mjini Naivasha na Nakuru, wengine walilipiza kisasi kwa watu wasiokuwa na hatia yoyote. Katika nchi nzima zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Waliotia moto nyumba hizo hawakuja kwa merikebu. Walikuwa majirani. Walikuwa wameazimana chumvi na kuni, na watoto wao walikaa dawati moja.

Yupo atakayesema: "Mwalimu, usifukue makaburi. Ukiyataja haya unachochea chuki." Namjibu kwamba kidonda kilichofunikwa hakiponi. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Tena mambo haya hayakuzikwa. Yanasimuliwa kila usiku jikoni, kila kabila likisimulia upande wake, na watoto huyasikia nusu nusu. Chuki hulishwa na nusu ya habari. Mwaka 1970 meya wa Limerick alisimama hadharani akamtetea padre wa mwaka 1904, ijapokuwa miaka 66 ilikuwa imekwisha kupita. Alipata lawama nyingi, lakini tujifunze hapo kwamba dhuluma isiyowekwa wazi na kuitwa kwa jina lake hungoja tu mtu wa kuisifu.

Mwingine atasema: "Fedha za umma zijenge majumba ya mashujaa wetu, hao wachache watuhusu nini?" Huyu simlaumu kwa kuwapenda mashujaa. Namwuliza tu: je, Wamakonde ni wachache mno hata wasitajwe? Walifika Pwani tangu enzi za ukoloni, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa, wakazaa na kuzikana hapa. Hata hivyo iliwabidi mwaka 2016 kutoka Kwale kwenda Nairobi kwa miguu ili waombe kuitwa raia. Taifa hupimwa kwa namna linavyowatendea walio wachache, kwa kuwa walio wengi wana kura na sauti za kujitetea. Nyumba yenye vyumba viwili, picha za wazee wa Kimakonde, vinyago walivyochonga na viatu vya safari ile, ingemfundisha mtoto wa Kenya uraia kuliko hotuba kumi.

Watatu atasema kuwa Dublin wana fedha nasi hatuna. Hoja hii haina miguu. Makumbusho niliyoyasema yamo katika nyumba za watu wa kawaida, na vitu vyake ni vile ambavyo familia huwa navyo sandukuni. Linalotakiwa ni ujasiri wa kusema kweli, na ujasiri haununuliwi.

Enyi vijana, shauri langu kwenu si kubwa. Kila shule ina kona isiyotumika. Katika mji wenu kuna watu waliokuwapo kisha wakaondoka: wenye maduka, wachuuzi, wafanyakazi wa mashamba, majirani waliokimbia usiku. Waulizeni wazee majina yao. Ombeni picha, barua, kikapu, kitambulisho cha kale, na muwe na adabu mnapoomba, maana kwa mwenye kitu hicho huenda ni kaburi. Andikeni chini yake mwaka, mahali na jambo lililotokea, pasipo kupunguza wala kuongeza. Na kama babu zenu walikuwa miongoni mwa waliofunga milango, liandikeni hilo nalo.

Mtaambiwa kuwa mnaliaibisha kabila lenu. Vumilieni. Davitt aliambiwa hayo kabla yenu. Kabila lisiloweza kusikia kosa lake likisomwa na watoto wake halijawa salama kwa majirani zake, na siku litakapopewa nguvu, majirani ndio watakaojua kwanza.